Kitanda cha Ukutani

Nesi mstaafu wa chumba namba tisa alikuwa hajatamka neno kwa miezi minne. Wahudumu wa makao yetu ya wazee walishamkatia tamaa. Walimlisha, wakamgeuza, wakaenda zao. Mimi kazi yangu ni tiba ya muziki, kwa hiyo kila Jumanne nilikaa kando ya kitanda chake na gitaa, nikampigia nyimbo za ujana wake. Wapi! Macho yake yalibaki dirishani.

Siku moja uzi wa gitaa ulikatika. Nikiwa nafunga mwingine, nilijikuta naimba chini chini wimbo ambao mama yangu aliutunga mwenyewe kunibembelezea, wa kuku anayemtafuta kifaranga wake. Haukuwahi kutoka nje ya nyumba yetu. Nikafika katikati, nikakwama. Ubeti wa pili nilishausahau.

Nesi akauimba.

Sauti ilikwaruza, lakini maneno yalitoka yote. Koleo la kukazia uzi likanidondoka.

"Bibi, huo wimbo umeutoa wapi?"

Akanigeukia. "Kitanda cha ukutani, wodi ya wanawake. Aliimba mpaka kukapambazuka. Nikamwambia, mama, pumzika. Akanijibu, nikinyamaza, mwanangu atajuaje niko kitanda gani?"

Miaka kumi na tisa nyuma nilipigiwa simu niende hospitali kwa mama. Nikasema nitakuja kesho, leo nina shoo na bendi. Kesho yake nilikuta godoro limekunjwa.

"Hivi, yule mtoto alikuja baadaye?" nesi akauliza.

Uongo ulikuwa mdomoni tayari. Nikaumeza.

"Alichelewa, bibi."

"Najua. Mama wa watu alikuwa haoni tena. Nikamshika mkono, nikamwambia, 'Mama, nimefika.' Akacheka kidogo, akaenda." Vidole vyake vilikuwa vinapapasa shuka. "Nilifanya vibaya, binti?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

Hakusema tena kitu, na wiki ya tatu tukamzika. Jioni hiyo nilimpigia kaka yangu, nikamsimulia yote. Tangu msiba wa mama tulikuwa tunasalimiana tu.

"Kwa hiyo mama alikufa akijua ulikuja?"

"Ndiyo."

"Basi afadhali," akasema, akakata.

Afadhali kwa nani, hakusema.