Udongo wa Kabuchai

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimefundisha sanaa hapa Kitale miaka kumi na minane, nimegombana na wakuu wa shule watatu, na kila mtu kwa kina mume wangu anajua mimi, Wakiuru, sikanyagwi. Lakini wiki ile ya Agosti niliogopa kweli.

Ilianza na picha. Kulikuwa na maonyesho ya walimu mjini, nami nikaamua kumchora kijana kama wale wa sanamu za mawe za Wagiriki wa kale: amesimama wima, mguu mmoja mbele, mikono ubavuni, anaangalia mbele tu. Sanamu hizo ni nzuri ila zimepoa. Mimi nilitaka yangu ipumue. Nikachora kwa makaa, nikararua gazeti nikabandika vipande kwenye misuli, nywele nikaweka nyuzi za katani, nikamvika shuka ya leso kuukuu, halafu nyuma yake nikarusha wino mwekundu kwa brashi, utadhani ametoka mbio sasa hivi. Uso nikampa wa mwanangu Tonny, maana ndiye alikuwa mbele yangu akitafuna mahindi. Ngozi nikaipaka udongo wa kijivu, laini kama siagi, niliouchota mwezi uliotangulia kule Kabuchai kwa wakwe zangu, mtoni chini ya shamba la miwa. Ukikauka unafanya nyufa ndogondogo kama jiwe la zamani. Siku hiyo nilijipenda, sitaficha.

Mume wangu Mukhisa akaingia kutoka kazini. Kwanza alitabasamu. Kisha akagusa shavu la picha, akanusa kidole.

"Mama Tonny, hii udongo umetoa wapi?"

"Kwenu. Pale mto unapinda, kwenye matete."

Akaketi. Akakifuta kile kidole kwenye suruali, akakifuta tena.

"Si useme?"

"Hapo ndio sitosi," akasema. "Hapo ndio vijana wanapakwa matope asubuhi ya kutahiriwa. Wanawake hawafikangi hapo. Na wewe umechota, ati ukampaka mtoto kabla ya siku yake."

Tonny alikuwa anatahiriwa Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Kwa kina Mukhisa, kijana husimama mbele ya watu wote amejaa matope, na hatakiwi kutikisika wala kupepesa jicho. Akitikisika, atazeeka akichekwa. Miaka kumi na tano nimeolewa, na hakuna aliyewahi kuniambia mahali penyewe ni wapi, sasa ningejuaje? Nilimfokea Mukhisa, nikamwambia huo ni ushirikina na sisi ni watu wa kanisa.

"Sawa," akasema. "Lakini usiambie mama."

Kisha akaenda kunawa kile kidole kwa sabuni. Hapo ndipo woga uliniingia na mimi.

Alhamisi, kila nikiangalia ile picha naona Tonny ameshapakwa, ameshasimamishwa, na nyufa zinamtembea usoni. Akajikata kidole na kisu cha mkate, kidogo tu, nikapiga nduru majirani wakaja. Mchana huo huo nikaibeba picha nyuma ya nyumba, nikaimwagia mafuta ya taa, nikaichoma. Nililia kama mtoto. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Watu wa maonyesho niliwaambia ninaumwa.

Jumamosi ikafika. Mama mzazi hakai uwanjani mwanawe akitahiriwa. Nilikuwa sakafuni nyumbani kwa mama mkwe wangu, Nakhungu, kule Kabuchai, pamoja na wanawake wa ukoo, tukisikia nyimbo zikipanda kutoka mtoni. Zikafika uani, kisha zikakatika. Kimya kile kilinimaliza. Nikamshika Nakhungu mkono na kumwambia yote: udongo, uso, moto.

Hakuniangalia. "Akitikisika," akasema polepole, "mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka barabarani na mizigo yako."

Nilisali kwa Kikuyu, lugha ya mama yangu, maana Kiswahili kilikuwa kimenipotea kabisa. Sijui ni dakika ngapi zilipita. Mara filimbi ikalia, ishara kwamba kijana hakutikisika, na vigelegele vikajaa uani. Nakhungu akautoa mkono wake kwenye wangu, akainuka kwenda kucheza.

Waliponiruhusu kutoka, Tonny alikuwa ameketi kitini, amefunikwa blanketi, wageni wakimletea zawadi. Nikainama karibu naye.

"Mama, niliogopa sana," akaninong'oneza. "Nilikuwa karibu kutoroka. Halafu nikakumbuka ile mtu yako ya gazeti, vile anaangalia tu mbele. Nikasimama hivyo hivyo." Akachungulia nyuma yangu. "Umekuja nayo?"

"Iko Kitale," nikasema. "Utaiona ukipona."

Nilimdanganya mwanangu siku ile ile aliyokuwa mwanaume, na yeye akatabasamu, akaniamini.