Nani Anatazama Maji?

Badala ya harusi, alikuta maji.

Bi Picha alikuwa ameisubiri harusi hiyo tangu tamthilia ilipoanza. Alikuwa ametoka zamu, ameoga, amevaa gauni lake pana la nyumbani, amejimiminia chai katika kikombe kile ambacho mumewe hukiita ndoo, kisha akakunja miguu kwenye kochi na kubonyeza rimoti. King'amuzi chao kilikuwa na tabia njema: ukikiagiza asubuhi, jioni unakuta umetunziwa kipindi chako kama mtu aliyefunikiwa chakula. Lakini mahali ambapo bibi harusi alitakiwa kumfichua tapeli mbele ya wageni, palikuwa na bwawa la buluu lenye mistari, na wanaume waliobanwa vichwa kwa kofia za mpira wakijitupa majini kwa hasira. Akashuka chini kwenye orodha. Maji. Akashuka tena. Wanawake wakiogelea chali, vijana wakiogelea kwa mtindo wa kipepeo, watu wazima wakifundishwa kuelea. Chini kabisa paliandikwa kwa herufi za upole: Nafasi imejaa. Vipindi vya zamani vimefutwa.

"Wewe baba!" aliita. "Njoo hapa uone ulichonifanyia."

Mumewe, mpima ardhi, alitokea na mswaki mdomoni, suruali imekunjwa hadi magotini, tope la viwanja vya watu bado limemganda kwenye vifundo.

"Tangu lini wewe mpenzi wa kuogelea?"

"Mimi?" Alitoa mswaki. "Mimi maji nayaogopa hata yakiwa kwenye beseni. Si unaona miguu yangu?"

"Basi nani kanivunjia harusi?"

Mpima ardhi alichukua rimoti, akazama kwenye mipangilio kwa ule umakini anaoutumia kupimia mipaka. "Ahaa. Kumbe kinajirekodia. Kinachungulia mnachotazama, kinakisia mtapenda nini kingine, halafu kinarekodi bila kutumwa. Kikikosa nafasi, kinafuta vya zamani."

"Kimekisia kwa kumwangalia nani? Nyumba hii ina watu watatu."

Wote wawili, bila kupanga, waligeuza macho kuelekea ukumbini, kwenye mlango wa tatu uliofungwa. Kisha wakayarudisha upesi. Mtu wa mlango ule alikwisha kuwaambia kwamba televisheni inamuumiza macho, na alikuwa mtu ambaye neno lake halijadiliwi.

Mtu huyo alikuwa mama mkwe. Kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, na wasichana walimpa jina la Kengele, kwa sababu shule nzima ilinyamaza akikohoa mara moja tu. Baba mkwe alipofariki, mwanawe alimwomba aje akae nao. Alikuja na sanduku moja na maneno mawili: "Kwa muda."

Bi Picha alimpokea kama yai. Aliapa moyoni kwamba hapatatokea ulimi wa kusema amemtumikisha mama wa watu. Mama mkwe akishika ufagio, ufagio ulinyang'anywa kwa heshima. Akinyanyua sahani, sahani ilipokelewa. Akisogelea jiko, alivutiwa kiti sebuleni. "Pumzika, mama." "Ahsante, mwanangu." Na mama mkwe alirudi kukaa, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, kama msafiri anayeogopa kuachwa na gari.

Kazini Bi Picha alikuwa mpiga eksirei, ndiko lilikotoka jina lake. Watu walimjia wakiwa wamejikunja kwa maumivu, naye aliwaona hadi mifupani kabla hajawajua majina. Lakini kimya cha mama huyu hakikumwonyesha kitu. Alikisoma jinsi mtu mwenye wasiwasi anavyosoma kila kimya: akadhani chai ina sukari nyingi, akadhani mapazia hayapendezi, akadhani kuna mtihani unaendelea na yeye anafeli bila kuonyeshwa maswali.

Wiki ileile ya harusi iliyopotea, wakiwa mezani, mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Nimezungumza na dada yako," alimwambia mwanawe. "Mwisho wa mwezi nitahamia kwake. Nimewasumbua vya kutosha."

Mpima ardhi aliacha kutafuna. "Mama, nani kasema unasumbua?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana nasema mimi."

Bi Picha alitamka yote yanayopaswa kutamkwa: kwamba nyumba ni yake, kwamba haraka ya nini, kwamba watampumzisha zaidi. Alimaanisha nusu. Nusu nyingine, huko ndani, ilijinyoosha taratibu kama mguu uliovuliwa kiatu kinachobana. Alipoihisi nafuu hiyo aliona haya, akajiongezea mboga asizozitaka.

Siku chache baadaye mashine ya eksirei iligoma. Fundi akasema haitaamka leo, msimamizi akawaruhusu waende nyumbani. Bi Picha alifika mchana, saa ambayo nyumba yake hakuijua. Geti lililia kwenye bawaba zake kama kawaida. Alivua viatu barazani, akaingia kimyakimya asimwamshe mama mkwe kama amelala.

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya mwanamume: "Mkono wa kulia mbele. Vuta. Geuza uso, pumua. Mkono wa kushoto."

Alichungulia.

Mama mkwe alikuwa amelala kifudifudi juu ya stuli ya kuwekea miguu. Tumbo lilikuwa kwenye mto wa stuli. Miguu ilining'inia nyuma ikipigapiga hewa kwa zamu, ndani ya soksi. Mikono ilikwenda mbele na kurudi, mirefu, ya taratibu, ikiipasua sebule. Miwani aliiweka mezani. Kichwani alivaa kofia ya plastiki ya kuogea, ile yenye maua. Kila baada ya mikono miwili aligeuza uso pembeni, akafungua mdomo kama kinda, akavuta pumzi, akaurudisha uso kwenye zulia. Kwenye skrini, mwalimu kijana alikuwa akisifu: "Vizuri sana. Usipigane na maji."

Bi Picha alirudi kinyumenyume hadi barazani, kiganja mdomoni, akaketi kwenye ngazi ili acheke. Kicheko kilikuja, kikamtikisa mabega, kisha kikapotelea njiani. Aliuona tena uso ule ukigeuka kutafuta pumzi. Haukuwa uso wa mtu anayechezacheza. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini, mtu ambaye kwa miezi yote hii alikuwa akingoja watu waondoke ndipo aanze kuishi.

Alivaa viatu. Alikwenda getini, akalifungua upya kwa nguvu mpaka likalia, akalibamiza, akakohoa, akamsalimu jirani ambaye hakuwapo. Alipoingia, mama mkwe alikuwa kitini na gazeti mkononi, mgongo umenyooka, kifua kikipanda na kushuka. Televisheni ilikuwa imezimwa.

"Umewahi leo."

"Mashine imegoma, mama."

"Pole. Na mashine huchoka."

Jioni hiyo, mama mkwe alipokwenda kuoga, Bi Picha aliishika rimoti. Alipita kwenye kila kipindi cha kuogelea na kukiwekea alama ya kufuli, kisifutwe. Kisha akafungua yale mafunzo ya watu wazima na kuchagua: Rekodi mfululizo wote. King'amuzi kililalamika kwamba nafasi haitatosha. Kikamuuliza, kwa adabu, ni kipindi gani kiachwe. Aliitazama tamthilia yake kidogo, akaiondoa. Bibi harusi atajitetea mwenyewe, na lolote litakalompata wauguzi watasimulia. Hospitalini hakuna ndoa inayokosa msimulizi.

Hakumwambia mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza yeye na mama mkwe kuwa na jambo lao.

Siku yake ya mapumziko ilimkuta jikoni akimenya viazi. Mama mkwe aliingia, akasimama karibu na friji, mikono nyuma, kama anayekagua bweni.

"Hiki king'amuzi chenu kina akili."

"Kinajifunza, mama. Kinamwangalia mtu anapenda nini."

"Kikishajua, kinamwambia nani?"

Bi Picha alikata kiazi katikati. "Hakimwambii mtu. Kinamwekea tu."

Mama mkwe aliangalia dirishani. "Mtu mwenyewe anaona kufuli. Kufuli haliwekwi na mashine."

Maji kwenye sufuria yalianza kunong'ona.

"Na geti lenu," aliendelea, "siku ile lililia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na mkono hewani, nikadhani ni upepo, mpaka nilipogeuza uso kupumua nikaona miguu inarudi kinyumenyume. Nilijiambia, hapa nimeumbuka, sasa namsikiliza anavyocheka. Badala yake nikasikia mtu anamsalimu jirani aliyesafiri tangu juzi."

Uso wa Bi Picha uliwaka. "Nisamehe, mama. Sikutaka uone aibu."

"Najua. Adabu unayo, tena imezidi." Alivuta kiti, akaketi mezani bila kuvutiwa. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi katika nyumba hii sijaiona siku ya tatu. Kila nikinyoosha mkono, mkono unarudishwa. Nikaona, basi, huyu binti ananivumilia. Tena ananivumilia vizuri."

"Mimi nilidhani nakuheshimu."

"Ulikuwa unaniheshimu. Ndilo tatizo." Kona ya mdomo wake ilicheza. "Nipe kisu."

Kwa mara ya kwanza Bi Picha hakumwambia apumzike. Alimpa kisu, tena kile kikali, akasukuma beseni katikati ya meza. Walimenya. Maganda ya mama mkwe yalitoka membamba, marefu, bila kukatika.

"Kwa nini maji, mama?"

Mama mkwe alimaliza kiazi kwanza. "Kila muhula tuliwapeleka wasichana bwawani. Mimi nilisimama ukingoni na viatu vyangu, nimebeba taulo za watoto wa watu. Wakiingia wanalia, ukiwaita watoke hawataki. Nikawa najiuliza, huko ndani wanakuta nini? Lakini mkuu wa shule ataingiaje majini mbele ya wanafunzi? Nikasema nitakapostaafu. Nikastaafu, mzee akaanza kuugua. Basi siku moja hapa kwenu, natafuta taarifa ya habari, nikabonyeza vibaya, yakatokea maji. Kesho yake mashine ikaniwekea mengine. Sijapata kuwekewa kitu namna hiyo, bila kuomba."

Bi Picha alinawa mikono, akaifuta kwenye gauni. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Twende, mama."

"Twende wapi?"

"Majini. Kule uwanja wa michezo wana bwawa. Asubuhi kuna saa ya wanawake."

"Wewe unajua kuogelea?"

"Sijui hata kuelea."

Mama mkwe alimtazama juu ya miwani kama anayetafuta kosa kwenye insha. "Basi tutazama pamoja," alisema. "Heri hivyo."

Bwawa halikuwa la buluu kama la kwenye televisheni. Vigae vilikuwa vimepauka na harufu ya klorini ilikaba koo. Kocha, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, aliwatazama walivyosimama ukingoni ndani ya mavazi yao mapya yaliyofika magotini.

"Mmeshawahi kufundishwa?"

"Huyu hajawahi," mama mkwe alijibu. "Mimi nimesomea nyumbani."

Alikuwa wa kwanza kushuka ngazi. Maji yalipomfika kiunoni alisita, macho yakamtoka, mikono ikayapapasa maji kama kipofu anayetambua uso wa mtu. Kocha aliomba amwonyeshe alichokisomea. Mama mkwe akavuta pumzi, akajilaza, akazama kama jiwe. Bi Picha alipiga kelele akaruka ndani bila kufikiri, miguu ikagusa chini, maji yenyewe kumbe yalikuwa ya kiunoni. Mama mkwe aliibuka akitema maji, kofia imemkalia upande, akicheka. Alicheka kicheko kikubwa, cha tumboni, kilichogonga kuta na kuwarudia, hata wasichana waliokuwa upande wa pili wakageuka.

"Stuli," alisema akihema, "haina kina!"

Alijaribu tena. Akazama tena. Mara nyingine, bila mtu kujua imekuwaje, mgongo ulikaa, miguu ikapanda yenyewe, mkono wa kulia ukaenda mbele, uso ukageuka kutafuta hewa ukaikuta. Hakufika mbali. Bi Picha, ambaye bado alikuwa ameng'ang'ania bomba la ukingoni, alimwangalia akipita mbele yake polepole, akasahau kwamba yeye mwenyewe anaogopa.

Walipotoka, kocha aliuliza kama watarudi.

"Mwanangu wa kike ananisubiri mji mwingine," mama mkwe alisema akijikamua maji mikononi. "Itabidi asubiri. Huwezi kumhamisha mwanafunzi katikati ya muhula."

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na benchi refu na dirisha la juu lililoleta mwanga wa asubuhi. Wasichana walikuwa wamekwisha kuondoka, wameacha nyayo za maji sakafuni. Wawili hao walijikausha wakiwa wamepeana migongo, kila mmoja akijifanya anashughulika na kitufe, jinsi mkwe na mkwe wanavyopaswa kuwa.

Kisha mama mkwe aligeuka, akaketi benchini akiwa amempa Bi Picha mgongo, akanyoosha taulo juu ya bega bila kutazama nyuma.

"Nifutie hapo katikati. Mimi sifiki."

Bi Picha aliipokea taulo. Ngozi ya mgongo ule ilikuwa laini kuliko alivyotarajia, yenye joto, na karibu na bega palikuwa na alama ndogo nyeusi ya kuzaliwa, ileile aliyonayo mumewe, mahali palepale. Alianza kufuta kwa ncha za vidole, kwa hofu.

"Kaza mkono, mwanangu. Mimi si kikombe."

Akakaza.

"Juu kidogo," alisema mama mkwe, na macho yake yakafumba. "Hapo."