Zote Kumi na Sita

Kuna watu wakinunua gari hudhani wamenunua na akili ya kuliendesha. Mmoja wao ni mzee Isaka wa Iyula, mnunuzi wa kahawa, mdomo mkubwa, masikio ya mapambo. Alifika gereji kwangu Tunduma gari lake likiwa limevutwa na lori. Yeye amekaa kwa raha mbele kwenye lori, na dereva wake Ayoub ndiye aliyekuwa nyuma, ameshika usukani wa gari bovu.

"Fundi Nesta," akaanza, hata salamu hakuna, "niandikie kwamba huyu kaniharibia gari."

Ayoub akashuka kwenye gari bovu, akafunga mlango taratibu. Wiki hiyo alikuwa aanze kazi kwa mama Felista, anayesomba chumvi kutoka Ivuna. Isaka aliposikia kwamba anaachwa, akampigia mama huyo kumwambia Ayoub ni muuaji wa magari. Mama akajibu kwamba atasubiri neno la fundi. Kwa hiyo riziki ya baba wa watoto wanne ilikuwa inaningoja mimi, na aliyeitia mashakani alikuwa anachokonoa meno.

Nikaingia uvunguni. Gari lile huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma lilikuwa limesagika ndani, oili imeungua, inanuka. Nikatoka kutazama matairi. Ya mbele yalikuwa ya siku nyingi. Ya nyuma mapya, yamenona.

"Haya ya nyuma umenunua wapi?"

"Nakonde. Nimechagua mwenyewe," akasema, kifua mbele. "Namba kumi na sita, kama ya mbele. Huyu akaanza kubisha, nikamwambia kazi yake ni usukani."

Kumi na sita! Hiyo ni namba ya ringi, jamani. Ni kama mtu anunue suruali kwa kupima kiuno tu, urefu wa miguu ataukuta nyumbani. Na mtu huyo ndiye bosi!

Nikazungusha uzi kwenye tairi la mbele, nikaukata, nikauzungusha kwenye la nyuma. Ukabaki mfupi kwa vidole vinne.

"Vidole vinne tu?" Isaka akacheka.

"Kila mzunguko, mzee. Kwa kilomita moja, ya mbele yanazunguka kama mara kumi na nne zaidi. Boksi linavutwa huku na huku mwezi mzima, halipumziki, linachemka mpaka linakufa. Hata ungemweka malaika kwenye usukani, lingekufa."

Kicheko kikamwisha. Akanisogelea. "Basi andika tu limechakaa. Watu wasijue."

Nilimdharau zaidi hapo kuliko alipokuwa anapiga kelele. Sikuandika kitu. Nikampigia mama Felista, nikaweka sauti ya nje.

"Mama, gari limeuawa na matairi yasiyolingana. Ayoub hana kosa."

"Aliyeyanunua ni nani?"

Nikamsogezea Isaka simu mdomoni. Akanitazama nimwokoe. Nikatazama pembeni.

"Mimi," akasema, kwa taabu.

"Ayoub, kesho asubuhi uwe Ivuna," mama akasema, akakata.

Ayoub akaweka funguo juu ya boneti, akanishukuru, akavaa koti lake.

"Sasa nani atanipeleka Iyula?" Isaka akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kweli.

Nikamwonyesha njia ya stendi. "Panda basi lolote, mzee. Ila huko ndani usimfundishe dereva."