Chupa Namba 047 Yajitoa Kwenye Utafiti

Usiku wa jana, kabla hata sijamaliza kuvuta shuka, niliota niko maabara, nimevaa koti jeupe na ndala, najaza maputo.

Maputo yalikuwa ya kweli, maana leo ndiyo siku ya maabara yetu kwenda kijiji cha Olmoti kuwapelekea wananchi sayansi. Profesa Mrutu ameandaa fulana, kipaza sauti, na mlima wa udongo unaotoa povu ukiumwagia siki na magadi. Watoto wanaupenda sana.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Olmoti bila maputo. Nilichota maji ya visima, na kwenye kisima cha bibi mmoja nilimwahidi, mbele ya wajukuu zake, kwamba nitarudi kumwambia kama maji yake yanafaa kunywa. Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Hayafai. Yana floraidi mara sita ya kiwango, madini yale yanayotia meno rangi ya kahawia na kupinda miguu ya watoto. Profesa akasema tusubiri kwanza makala yetu itoke kwenye jarida. Tukasubiri. Mimi kwa kusubiri sijambo.

Basi najaza maputo, mara nasikia mtu anakohoa ndani ya friji. Nafungua. Ni chupa namba 047, mojawapo ya zile za maji ya Olmoti.

"Kijana, naomba fomu ya ridhaa," ikasema. "Nataka kujitoa."

Nikaiambia kwa upole, kama tulivyofundishwa, kwamba mshiriki ana haki ya kujitoa kwenye utafiti wakati wowote bila kutoa sababu.

"Vizuri. Sitoi sababu." Ikajifungua kifuniko, maji yakateremka rafu kwa rafu, yakapita chini ya mlango. Nikachukua ndoo nikayafuata, kwa sababu sampuli ikimwagika anayeandika maelezo ni mimi.

Mlango ulifungukia Olmoti, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Lile bango letu la MARUFUKU KULA NA KUNYWA NDANI YA MAABARA likanipita mbio, likajibandika kwenye nguzo ya bendera. Watu wote wamesimama foleni, vikombe mkononi, midomo imekauka. Mama mmoja ameshika hindi la kuchoma sentimita mbili kutoka kwenye meno na hasogezi.

"Tangu lini hamjanywa?" nikauliza.

"Tangu ulipochota," akanijibu mwenyekiti wa kijiji. "Ulisema tusubiri majibu. Karibu sana. Mimi ni 012."

"Jina lako, mzee?"

"Mnalo nyie. Mlisema mtalifungia kabatini kwa usalama wetu."

Ni kweli tulisema hivyo. Pembeni kulikuwa na harusi. Mchungaji anauliza, "Wewe 031, unakubali kumwoa 019?" Bwana harusi anakubali, lakini anamtazama 020.

Hapo Profesa Mrutu akatokea kileleni mwa mlima wa siki, povu limemfika magotini. "Ndugu wananchi," akasema kwenye kipaza sauti, "leo tutatumia lugha nyepesi." Mizani ya maabara ikaja kwa miguu yake, ikakaa mbele yangu, ikavaa miwani.

"Weka neno," ikaniambia.

Nikaweka "mkusanyiko wa ioni." Mizani ikapiga goti. "Ondoa hilo, nina mgongo." Nikaweka "wadau." Ikasema hilo ni jepesi, ila halina kitu ndani.

Foleni ikasogea, akafika bibi mwenye kanga ya kijani. Nilimjua mara moja. Moyo ukanishuka hadi kwenye ndala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Maji yangu yanafaa, hayafai?"

Nikafungua kinywa, likatoka puto. Jekundu. Bibi akalitazama likipanda.

"Zuri," akasema. "Maji yangu je?"

Likatoka la pili. Niliona aibu, na sisemi aibu ya ndotoni. Profesa akaniita kwa jina kutoka juu, "Furahini, makala bado." Povu lilishamfika kifuani na alikuwa anaendelea kutabasamu kwa ajili ya picha.

"Hebu nisalimie kwa jina kwanza," bibi akasema. "Labda umeziba kwa sababu hujui unaongea na nani."

Sikulijua. Nilijua 047 tu. Lakini ufunguo wa kabati la fomu ninao mimi, shingoni, na kabati lilikuwa limesimama kwenye foleni na watu wengine. Nikalifungua. Majina yakatoka yakijinyoosha migongo, kila moja likaenda kwa mwenyewe. Bwana harusi alipopata lake aliomba harusi isimame kidogo. Jina moja likabaki limekaa kwenye droo, limekunja nne.

"Mimi ni Ndeanasia," likasema. "Nibebe. Sina nguvu za kutembea, miaka mitatu sijaitwa."

Nikalibeba kwa mikono miwili.

"Bibi Ndeanasia," nikasema, "hayafai."

Mizani ikainama kulitazama lile neno, ikapandisha miwani. Mshale haukusogea. "Hili halina uzito wowote," ikasema. "Lilikushinda nini?"

Bibi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. "Ungeniambia mapema, mwanangu," akasema. "Mjukuu wangu alikuwa bado hajaota meno." Akageuza kikombe, akanimwagia maji yote miguuni.

Nikaamka. Miguu ilikuwa imelowa. Shuka limelowa upande wa miguuni tu, na paa langu halivuji.

Mtu mwingine angeomba dua. Mimi ni fundi wa maabara. Nilikamua shuka kwenye kikombe, nikawahi kazini kabla ya wenzangu, nikapima floraidi. Tisa nukta mbili. Ni ile ile ya chupa 047. Nikarudia mara tatu, kama utaratibu unavyotaka. Tisa nukta mbili. Nikafungua kabati, nikatoa fomu ya 047. Ndeanasia, limeandikwa, na alama ya dole gumba chini yake.

Nikakaa kitako sakafuni. Ndotoni walikuwa wananisubiri na vikombe vikavu. Olmoti ya kweli hakuna aliyesubiri. Wamekunywa asubuhi, mchana na jioni kwa miaka mitatu, na hata sasa kuna mtu anateka.

Saa mbili Profesa alipiga honi nje. "Furahini, leta maputo, tunachelewa."

Nikamwambia maputo ayabebe mwenyewe, mimi nina neno la kumpelekea Bibi Ndeanasia.