Maziwa Yasiyo na Mtoto

Ilikuwa mwaka wa 1978, wakati wa mvua za masika, Murunga alipoliona doa kwenye blauzi ya mkewe. Akaliinamia, akalinusa. Yalikuwa maziwa.

Murunga, seremala wa mtaa wa Makina, hakuwa na mtoto. Nasipwondi alikuwa mkewe kwa miaka mitano na hakuwahi kushika mimba. Maziwa hayo, basi, yalikuwa ya nani? Wivu ukamwingia kama siafu katika suruali: akikaa ulimng'ata, akisimama ulimng'ata. Mkewe alikuwa akienda mtaa wa Kawangware kumfulia nguo Thuo, mgane mwenye nyumba za kupangisha. Bila shaka alikuwa amezaa huko! Tumbo lenyewe Murunga hakuliona, lakini wivu hauhitaji macho.

Siku moja akamfuata. Nasipwondi alijigonga kwenye mwimo wa mlango wa Thuo, naye Thuo akamshika kiwiko kumvusha kizingiti. Murunga hakungoja ushahidi mwingine. Kesho yake alimkabili mkewe mferejini, mbele ya wanawake waliopanga foleni ya maji.

"Mwulizeni huyu mtoto amemficha wapi! Maziwa anayo, mtoto hana!"

"Kumbe siku hizi kunakamuliwa Kawangware!" mmoja akadakia, wakacheka.

Nasipwondi aligeuka, akaukwaa mtungi uliokuwa kando yake, akaanguka.

Murunga akachukua nyundo, akaenda kwa Thuo. Mzee huyo hakuinuka kitini.

"Mkeo haoni pembeni, kijana. Mpeleke hospitali kwanza, kisha urudi unipige."

Huko hospitali, Daktari Kitheka, bingwa wa upasuaji wa ubongo, aliiinua picha ya fuvu kwenye mwanga.

"Chini ya ubongo pana tezi ndogo kama punje ya haragwe. Imeota uvimbe. Uvimbe huo ndio unaoleta maziwa na kuzuia mimba, na sasa unaibana mishipa ya macho. Tusipoutoa, atapofuka."

"Hakuna mtoto?"

"Hakuna mtoto. Wala hakuna mwanamume."

Hata hapo wivu haukufa. Murunga aliitazama mikono ya daktari, akaionea kijicho: ingeingia kwa mkewe mahali ambapo yeye hajawahi kufika.

Nasipwondi, kichwa kikiwa kimenyolewa, alimwita kabla ya kupelekwa kupasuliwa.

"Murunga, una deni langu. Nikitoka salama, usinilipe chumbani kwa kunong'ona. Ulinivua nguo mbele ya watu. Nivike mbele yao."

Alitoka salama. Alipopata nguvu, Murunga akamshika mkono, akamwongoza mpaka mferejini.

"Akina mama," alisema, akitazama chini, "mke wangu hakuzaa nje. Alikuwa mgonjwa, nami nikamsingizia."

"Paza sauti, seremala!" mmoja wao akadakia. "Matusi yako tuliyasikia hadi msikitini!"

Murunga akainua uso, akayarudia maneno yake yote kwa sauti ile ile aliyomtukania.