Panya wa Tumbo Moja

Nyumbani walimwita Mama Panya, na jina alishalizoea. Kazi yake maabarani ilikuwa kuchunguza jeni moja inayoshiriki kuunda figo. Kila panya hupata nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Yeye alizalisha panya wenye nakala moja iliyozimwa, akatazama figo zao zitakuaje.

Hakuichagua kazi hiyo hivi hivi. Kaka yake, fundi wa viyoyozi, alizaliwa na figo moja. Mwenyewe hakujali. "Moja inanitosha," alikuwa akisema, "ya pili ningeiweka wapi?" Aliyeumia ni mama yao. Alipokuwa na mimba yake huyo kaka, ya miezi saba, aliteleza kwenye ngazi na beseni la nguo, na tangu picha za hospitali zilipoonyesha upande mmoja mtupu, alijihukumu kimoyomoyo. Binti alimwambia mara nyingi kuwa hana kosa. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Siku sampuli za panya zilipotoka safi, binti akampigia simu. "Mama, njoo kazini kwangu, kuna kitu nataka ukione."

Mama alifika kapendeza, akavishwa koti jeupe lililomfika vifundoni. Binti akamrekebishia hadubini, akamwonyesha vijusi viwili vya panya. Katika cha kwanza, kulia na kushoto, kimrija kinachoanzisha figo kilikuwa kimechipuka na kuanza kutoa matawi. Katika cha pili, kimechipuka upande mmoja tu.

"Huyu ni kama kaka yako," mama alisema taratibu.

"Ndiyo. Na hawa ni ndugu wa tumbo moja, ila huyu nakala yake moja ya jeni ya figo imezimwa. Mama yao alikula chakula kilekile, akalala kizimba kilekile."

"Hakuanguka?"

"Hakuanguka, mama. Na kwa binadamu figo huanza kuchipuka mwezi wa pili, wengine hata hawajajua kama wana mimba. Wewe ulianguka wa saba."

Mama akainamia tena hadubini, akakaa hapo kitambo. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa lakini sauti imetulia.

"Kwa hiyo hiyo jeni nilimpa mimi?"

"Labda wewe, labda baba, labda si jeni hii kabisa. Hatujampima. Hata kama ni wewe, hukumchagulia. Hayo masikio makubwa pia kayatoa kwako, mbona hujawahi kumwomba radhi?"

Mama akacheka mpaka akashika meza.

Jioni kaka alikuja kumchukua na gari lake la kazi. Kabla hajaketi vizuri, mama alianza kumweleza kwa mikono yote miwili: mrija, matawi, mwezi wa pili. Mrija aliuita bomba, matawi akayaita mizizi, lakini miezi hakuikosea. Binti, aliyesimama kando ya mlango wa gari, hakumsahihisha.

"Nimekuelewa, mama," kaka alisema akiwasha gari. "Funga mkanda twende."