Mwenye Afya Njema

Jumatatu asubuhi Odilia alilifunga panga kwenye gunia, akalipeleka nyumbani kwa mama mkwe wake, ng'ambo ya migomba. Akarudi kuchukua shoka. Akarudi tena kuchukua kisu kidogo cha kumenyea ndizi, kisha akasimama katikati ya nyumba akijiuliza kimebaki nini chenye makali. Kilichobaki kilikuwa moto. Moto haufungwi kwenye gunia, na watoto lazima wale, kwa hiyo aliokota nje vipande vitatu vya shina la mgomba, akavipanga kati ya mafiga na kigoda anachokalia mumewe.

Kastori alikuwa akimtazama tu. Mkono wake wa kulia, uliokunjamana kwa kovu la moto kuanzia kiwikoni hadi vidoleni, ulikuwa umelala mapajani.

"Unanizungushia zizi kama ng'ombe," alisema.

"Ni siku tatu tu, Baba Digna."

Siku tatu hizo zilikuwa agizo la Daktari Efraimu wa hospitali kubwa ya Moshi. Kuna mgeni anakuja, alikuwa amewaambia, bingwa wa ubongo kutoka Ulaya. Atakaa wiki moja, atawapima wenye kifafa kwa mashine, na wale atakaowachagua watapelekwa nje kufanyiwa upasuaji. Kastori alikuwa mtu wa kuchaguliwa kabisa, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa na mahali ulipotoka, na mahali hapo palionekana kwa macho: bonde dogo upande wa kushoto wa kichwa, penye nywele zisizoota. Lakini mashine haioni kitu kama dawa imekifunika. Basi kuanzia Jumatatu asimeze kidonge, na Alhamisi waje. Vidonge vyenyewe vilikuwa vimebaki vichache kwenye kopo, na dirisha la dawa halikuwa na vingine tangu Agosti, kwa hiyo katika maagizo yote hilo ndilo lililokuwa rahisi kulitii.

Agizo la pili lilikuwa kwa Odilia. Aandike kila kifafa, siku kilipokuja na kiungo kilichoanza. Aliambiwa asifumbe macho wala asikimbilie maji, atazame. Alitazama. Kalenda ya parokia iliyoning'inia ukutani ilijaa misalaba ya penseli tangu Juni, na kando ya kila msalaba herufi KL, yaani kulia. Kila mara kilianza kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilicheza peke yake, taratibu, kama cha mtu anayesali rozari, halafu mkono wote ukafuata, halafu mtu mzima akaenda chini. Majirani walikimbia, maana walijua kwamba povu la kifafa likikugusa umekwisha. Kwenye mbege, pombe ya ndizi, Kastori alikuwa na kata yake peke yake, iliyotundikwa nje, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Tangu mwaka juzi aliacha kwenda.

Agizo la tatu lilikuwa barua ya utambulisho kutoka kijijini. Bila barua hospitali haimfungulii mgonjwa jalada.

Jumanne Odilia alikwenda ofisini kwa Katibu wa Kijiji, Wenseslaus, ambaye alibatizwa siku moja na Kastori, kwenye beseni lile lile la parokia yao ya Kilema. Alimkuta akinoa penseli kwa wembe. Walisalimiana vizuri, akaulizwa habari za watoto na za kahawa, akajibu kwamba ni nzuri, kama watu wanavyojibu. Alipoeleza shida yake, Katibu hakusita. Alivuta fomu kutoka kwenye rundo lililochapwa kwa stensili, akaweka karatasi ya kaboni chini yake, akajaza jina na tarehe, akamsogezea.

Odilia alikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima na alikitumia. Alisoma huku kidole kikifuata herufi. *Mtajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji hiki, mkulima hodari, raia mwema na mwenye afya njema. Tafadhali apewe msaada.* Alirudia mstari wa pili.

"Ndugu Katibu, hapa pana kosa."

"Kosa gani?"

"Pameandikwa mwenye afya njema. Baba Digna ni mgonjwa. Ndiyo sababu anakwenda hospitali."

"Hiyo ni lugha ya barua, Mama Digna. Kila mtu anaandikiwa hivyo."

"Basi pakatwe kwa kalamu, hapo tu."

"Fomu haikatwi. Na nikiandika mgonjwa, wilayani wataniuliza mbona taarifa yangu inasema kijiji hakina mgonjwa wa kudumu, wote wanajitegemea. Wataniuliza ameumia wapi. Nitawajibu nini?"

"Utawajibu kwenye mfongo."

Katibu aliweka penseli chini. Mfongo ule ulikuwa mfereji wa kuleta maji shuleni, na miaka sita iliyopita watu walitolewa majumbani kwa zamu kwenda kuuchimba, na aliyekosa alitozwa mbuzi. Kastori hakukosa hata siku moja. Siku ya nne jiwe lilibingirika kutoka juu, likamkuta ameinama. Taarifa iliyopelekwa wilayani ilisema aliteleza kwa sababu ya mbege, na aliyeiandika alikuwa Wenseslaus, akiwa bado karani. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa Katibu. Odilia alimtazama mtu huyo, akaimeza hasira yake, kwa sababu muhuri ulikuwa upande ule wa meza.

"Usihangaike," Katibu alisema, sasa kwa upole. "Daktari hasomi barua, anasoma mwili."

Wino ulikuwa adimu mwaka huo, kama sabuni. Katibu aliupulizia muhuri pumzi mara mbili ili ulainike, akagonga, akachana nakala na kuiweka kwenye jalada la kijani. Odilia alisema ahsante. Alipokuwa akiteremka nyumbani, kilichomuuma kuliko barua yenyewe kilikuwa ile ahsante.

Alhamisi waliteremka kwa lori la ndizi, Kastori ameketi katikati ya mikungu, Odilia amemshika mkanda wa suruali. Saa tatu walikuwa Moshi. Mama mkwe alikuwa amewafungashia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye jani, na kwenye kikapu kulikuwa na kalenda iliyokunjwa na kopo la vidonge. Kastori alikuwa amenyoa ndevu, akavaa koti lake la harusi. Siku tatu zilikuwa zimepita bila kifafa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Odilia alikuwa akikiombea kije, na aliona aibu kwa sala hiyo.

Mbele ya mlango wa chumba cha mashine, uliobandikwa karatasi, watu waliketi kwenye mabenchi. Kabla ya mlango huo kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha karani aliyeitwa Yuditha, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa mambo yote. Alichukua barua, akaisoma, akaangalia nyuma yake, akaisoma tena.

"Mgonjwa ni nani?"

"Ni huyu, mume wangu."

"Huyu ana afya njema."

"Nani amesema, dada?"

"Kijiji chako. Na muhuri upo."

Odilia alieleza kwamba ni lugha ya barua. Karani akasema hospitali inafuata barua, haifuati lugha ya barua. Nafasi za bingwa zilikuwa arobaini, akaendelea, na watu wenye afya njema wameshajaribu kuingia humo ili wapelekwe Ulaya. Kwa hiyo kila jina lilindwe na barua inayosema ugonjwa. Odilia akatoa kalenda, akaifungua kwenye ubao wa dirisha, akamwonyesha misalaba, Juni, Julai, Agosti, Septemba, na herufi KL.

"Hii ni kalenda ya kanisa, mama."

"Daktari Efraimu aliniambia niandike. Muulize."

"Daktari Efraimu yuko semina Dodoma. Rudi kijijini, wakuandikie barua sahihi, uje kesho kabla ya saa nne. Saa sita mgeni anaondoka."

Barua ilirudishwa chini ya kioo. Odilia aliikunja, akahesabu. Kupanda Kilema, kumtafuta Katibu, kumbembeleza kukata maneno matatu ambayo juzi alikataa kuyakata, kisha kuteremka tena kabla ya saa nne, wakati lori la ndizi linapita kwa siku zake. Hata kama angekuwa na mabawa, Katibu angebaki Katibu. Alimgeukia mumewe amwambie.

Kidole gumba kilikuwa kinacheza.

"Dada, tazama," alisema, bila kupiga kelele. "Njoo utazame sasa hivi."

Benchi lilibaki tupu kwa kufumba na kufumbua. Watu walijibana ukutani, mama mmoja akamfunika mtoto wake uso kwa kanga. Odilia alimlaza Kastori kwa ubavu juu ya sakafu, akaweka kikapu chini ya kichwa chake, akatazama kama alivyofundishwa. Mlango wa mashine ulikuwa hatua ishirini kutoka hapo. Alimwomba karani augonge. Karani alikuwa ametoka nje ya chumba chake, mkono mdomoni, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu tu. Alikimbia kweli. Lakini alikimbilia upande wa wodi, kwa sababu huko ndiko utaratibu unakoelekeza mtu akianguka kwenye korido.

Alirudi na muuguzi mtu mzima na sindano. Odilia alisema wasimchome, anasubiri mashine, lakini alisema akiwa amepiga magoti katikati ya kelele, na sindano ilikuwa imeshaingia. Mwili ulilegea. Muuguzi alipoelewa aliifunika sindano, akauliza:

"Mbona hamkuniambia mapema? Dawa hii imelaza kila kitu. Mashine haitaona kitu leo wala kesho."

Saa saba mlango ulifunguliwa, bingwa akatoka kwenda kula. Alikuwa kijana kuliko Odilia alivyomdhani. Alimwona mtu mwenye koti la harusi amelala sakafuni, akanyanyua miguu kwa uangalifu asimkanyage, akamwambia Odilia "pole, mama" kwa Kiswahili alichojifunza, akapita.

Ijumaa walirudi nyumbani. Jumapili Kastori alimeza kidonge cha mwisho. Jumatatu panga lilikuwa bado kwa mama mkwe wakati mgambo walipokuja kumwita Kastori ofisini, na Odilia akafuata nyuma.

Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi. Mashamba ya miwa huko tambarare yalikuwa yamekosa watu wa kukata, na wilaya ilikuwa imeagiza kila kijiji kitoe kumi. Katibu alikuwa ameanza na wazembe, yaani wale wasiofika kazi za kijiji na wasio na ugonjwa. Alisoma majina kutoka kwenye jalada la kijani. La saba lilikuwa Kastori.

"Ndugu Katibu," Odilia alisema, "wewe mwenyewe uliniambia ni lugha ya barua."

"Sasa ni barua," Katibu alijibu. Hakumtazama. "Una cheti cha hospitali?"

Hakuwa nacho. Hospitali haikufungua jalada. Katika nyumba yote, karatasi pekee yenye jina la Kastori na muhuri ilikuwa ile ile. Aliwaonyesha mgambo kovu la kichwani, akawaonyesha mkono uliopikwa na moto. Mmoja akasema wakata miwa wote wana makovu. Kastori hakubishana. Alimwambia mkewe awahi kumpelekea mama maji, akapanda.

Kila mtu aligawiwa panga jipya, bado lina mafuta ya dukani. Mgambo alipiga ubavu wa lori kwa kiganja, dereva akatia gia. Kastori alikuwa ameketi nyuma kabisa, miguu inaning'inia, panga amelishika kwa mkono wa kulia, mpini juu ya goti. Odilia aliona kidole gumba. Kilianza taratibu, kama kawaida yake, juu ya ule mpini mpya.

Alipiga kelele, akakimbia. Dereva alidhani ni kilio cha wake, kama alivyokwisha kusikia katika vijiji vingine, akaongeza mwendo, na lori likapinda kwenye kona ya mfongo, likapotea.

Odilia alirudi mbele ya ofisi bila pumzi. Katibu alikuwa akiweka alama ya vema kando ya majina. Odilia alimnyoshea mkono, akamwomba kalamu, macho yake yakiwa kwenye yale maneno matatu ya nakala iliyomo kwenye jalada la kijani.

"Hapana haja," Katibu alisema. "Mke hatakiwi kusaini."